Mshenga wa Cardiff na London: Siasa za Alun Cairns

Mwaka 1799, katika mji mdogo wa Llandovery huko Wales, David Jones alifungua benki ndani ya nyumba ya wageni iitwayo King's Head. Wateja wake wa mwanzo walikuwa waswagaji, watu waliotoka na makundi ya ng'ombe milimani na kuyapeleka kwa miguu hadi masoko ya England. Kurudi na mfuko wa dhahabu kiunoni kulikuwa ni kuwaita majambazi, basi wakaipokea karatasi ya Jones yenye picha ya maksai mweusi, wakiamini kwamba siku watakapoirudisha watalipwa. Benki ya Maksai Mweusi ilidumu zaidi ya karne. Wajukuu wawili wa Jones walipokezana ubunge wa Carmarthenshire kati ya 1852 na 1880, na mwaka 1909 benki ya Lloyds, yenye nembo ya farasi mweusi, ikainunua.

Miaka 80 baadaye, mwaka 1989, Lloyds ilimwajiri kijana ambaye hakuwa ametimiza miaka 20. Alikulia Clydach, kwenye bonde linaloteremka hadi Swansea. Baba yake alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha chuma cha Port Talbot, na yeye mwenyewe alisoma Ystalyfera, katika shule inayofundisha kwa Kiwelisi. Jina lake Alun Cairns. Alikaa benki miaka kumi, akifikia kuwa mshauri wa kukuza biashara kusini mwa Wales: mtu wa kumsikiliza mwenye karakana au mwenye hoteli, kukagua vitabu vyake, kisha kulipeleka ombi lake kwa wenye uamuzi. Baada ya hapo alikaa miaka 12 katika Baraza la Wales na 14 katika Bunge la London, na kwa miaka mitatu na nusu alikuwa Waziri wa Wales.

Kila nikiitazama safari hiyo narudi kwenye neno letu moja: mshenga. Mshenga hana binti wa kuoza wala mahari ya kutoa. Mali yake ni kuaminiwa na nyumba mbili kwa wakati mmoja. Afisa wa mikopo mkoani yuko hivyohivyo, na Waziri wa Wales naye yuko hivyohivyo, maana anakaa kwenye baraza la mawaziri London kwa niaba ya nchi ambayo tayari ina serikali yake Cardiff. Naona Cairns aliifanya kazi hiyo kwa ustadi pale shauri lilipokuwa la hesabu. Pale Wales ilipotaka kubebwa kama nyumba yenye heshima yake, mikono yake ilikuwa mifupi, na si mara zote kosa lilikuwa lake. Kilichomwondoa hatimaye hakikuwa fedha. Lilikuwa swali la kama neno lake linaaminika.

Aliingia siasa wakati chama chake kimezama. Katika uchaguzi wa 1997 aligombea jimbo la Gower akashindwa, na hakuwa peke yake: Conservative hawakupata hata kiti kimoja kati ya 40 vya Wales. Miezi michache baadaye Wawelisi walipiga kura kuanzisha baraza lao wenyewe, na ndiyo ikashinda kwa kura 6,721 tu, asilimia 50.3. Conservative walikuwa wamelipinga baraza hilo. Lakini baraza lilikuja na utaratibu wa orodha za mikoa unaovipa vyama viti kulingana na kura zao, na utaratibu huo ndio uliowaokoa: mwaka 1999 walipata wajumbe tisa kati ya 60, wanane wakitoka kwenye orodha. Cairns alikuwa mmoja wa hao, kwa mkoa wa Kusini Magharibi. Wanasiasa wengi wa kizazi chake ndani ya chama walijifunza hapo kwamba taasisi uliyoikataa inaweza kuwa ndiyo inayokulea. Alirudishwa 2003 na 2007, akafika kuwa mwenyekiti wa kamati ya fedha, mahali panapomfaa mtu wa benki.

Juni 2008, katika kipindi cha Radio Cymru, mazungumzo yakiwa juu ya mashindano ya mpira ya Ulaya, alitamka neno la kuwadharau Waitaliano. Aliomba radhi papohapo na tena baadaye, akaachia uenyekiti wa kamati na usemaji wa chama katika elimu, na ugombea wake wa ubunge ukasimamishwa kwa miezi kadhaa. Wapo waliosema ni kuteleza ulimi tu. Mimi sikubaliani nao, kwa sababu ya mahali lilipotamkiwa. Mabonde ya kusini mwa Wales yalijaa mikahawa ya Waitaliano waliohama kutoka kijiji cha Bardi na vitongoji vyake. Vizazi vya wachimba makaa vilinunua aiskrimu na chai kwao, na mwaka 1940 makumi ya wanaume wa jamii hiyo waliangamia baharini ndani ya meli ya Arandora Star, wakipelekwa kizuizini ng'ambo. Mtoto wa Clydach alikuwa akiwatukana majirani zake, tena kwa lugha ambayo majirani hao wengi wamejifunza kuisema. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kuaminiwa na nyumba zote, hilo lilikuwa jambo la kulibeba miaka mingi.

Chama kilimrudisha, na 2010 akashinda Vale of Glamorgan kwa tofauti ya kura 4,307. Jimbo hilo si la mchezo. Liko magharibi ya Cardiff: bandari ya zamani ya makaa ya Barry, mashamba na vijiji vya wenye nafasi kuzunguka Cowbridge, na uwanja wa ndege wa Cardiff. Mwaka 1992 lilichukuliwa kwa kura 19 tu, na 2005 Cairns mwenyewe alilikosa kwa kura 1,808. Kulishika kwa chaguzi nne mfululizo, hadi 2019, ni kazi ya miguu na ya kukumbuka majina ya watu. Nadhani mazoea ya kaunta ya benki yalimsaidia sana hapo.

Machi 2016 akawa Waziri wa Wales, baada ya Stephen Crabb kuhamishiwa wizara ya ajira na pensheni. Inafaa kuieleza ofisi yenyewe, kwa sababu hukumu nyingi juu ya Cairns zinamdai mamlaka ambayo hakuwa nayo. Kuanzia 1964 hadi 1999 Waziri wa Wales alikuwa karibu gavana: shule, hospitali na barabara vilikuja kuwa chini yake. Katika miaka ya 1990 kiti hicho alikikalia John Redwood, mbunge wa jimbo la England na mtu wa benki vilevile, kutoka Rothschild. Wawelisi wanamkumbuka akichezesha midomo kwenye wimbo wa taifa ambao hakujua maneno yake, na kwa zaidi ya pauni milioni 100 alizorudisha Hazina bila kutumika. Baraza lilipoanzishwa, mamlaka hayo yalihamia Cardiff. Waziri alibaki na sauti: kuisemea Wales ndani ya London, na kuisemea London ndani ya Wales.

Ndani ya mipaka hiyo, Cairns ana kazi ambayo wapinzani wake huipita haraka mno. Alirithi rasimu ya sheria ya madaraka ya Wales iliyokosolewa hadi mtangulizi wake akaisimamisha. Cairns aliifumua, akaleta muswada mpya, na Sheria ya Wales ya 2017 ikapita. Zamani Wales ilikuwa na mamlaka yale tu yaliyoorodheshwa. Sasa ikapewa kila jambo isipokuwa yale London iliyojiwekea. Kwa mtu wa kawaida hiyo ni lugha ya wanasheria. Lakini sheria hiyo ndiyo iliyolipa baraza uwezo wa kubadili jina na taratibu za uchaguzi wake, na ndiyo msingi wa wenye miaka 16 kupiga kura katika chaguzi za Wales yenyewe leo, na wa baraza kuitwa Senedd, yaani Bunge, tangu 2020. Iliondoa pia sharti la kura ya maoni kabla ya Wales kupanga sehemu ya kodi ya mapato, na kuanzia Aprili 2019 serikali ya Cardiff ikawa inaamua peni kumi za kila pauni katika kila ngazi ya kodi hiyo. Mtu wa Conservative, chama kilicholipinga baraza miaka 20 kabla, ndiye aliyeusimamia muswada huo.

Pamoja na sheria kulikuwa na mkataba wa fedha wa Desemba 2016 kati ya serikali mbili. Mezani walikuwepo watu wa Hazina na Mark Drakeford, waziri wa fedha wa Cardiff wakati huo, na ofisi ya Cairns ikiwa katikati. Tatizo lilikuwa la zamani. Fedha za Wales zilikuwa zikikadiriwa kwa kanuni iliyoangalia idadi ya watu, si mahitaji yao, na Wales ina wazee wengi, wagonjwa wengi na mishahara midogo. Mkataba ulikubali kwamba Wales inahitaji takriban pauni 115 kwa kila mtu pale England inapohitaji 100, na kwamba hadi kiwango hicho kifikiwe, kila nyongeza ipatikanayo kwa kanuni ya zamani ipandishwe kwa asilimia tano. Asilimia tano haina mvuto gazetini. Lakini inajirudia kila mwaka bila mtu kupiga magoti, na kwa maoni yangu faida yake inazidi ya zawadi kubwa ya mara moja. Hii ilikuwa mizania iliyosomwa na watu wanaojua kusoma mizania.

Tozo za daraja ndizo watu wengi wanazomkumbukia kwa wema. Mto Severn unatenganisha kusini mwa Wales na England, na juu yake yapo madaraja mawili, la 1966 na la 1996. Kwa miaka mingi ulilipa ukiingia Wales tu. Ukitoka ulipita bure. Mwaka 2017 gari dogo lilitozwa pauni 6.70 na lori pauni 20. Unaweza kupiga hesabu ya fundi anayevuka kila siku, lakini hesabu peke yake haifikishi uchungu wa nchi nzima kuona mlango wake una kizuizi upande mmoja. Tarehe 17 Desemba 2018 tozo zikafutwa. Cairns alikuwa amelipigia debe jambo hilo kama sehemu ya wazo lake la kuunganisha Cardiff, Newport na Bristol kuwa ukanda mmoja wa uchumi, na serikali ilikadiria faida ya pauni milioni 100 kwa mwaka. Gharama yake ikaonekana mapema katika miji ya Wales ya Chepstow na Caldicot, ambako watu wa Bristol walivuka kutafuta nyumba za bei nafuu, na vijana wa pale wakakuta bei zimewakimbia.

Daraja hilohilo likamtia mashakani. Aprili 2018 alitangaza kwamba lile la pili litaitwa Daraja la Prince of Wales, kumuenzi Mwanamfalme Charles, aliyekuwa akikaribia miaka 70. Kwa London lilikuwa jambo la adabu. Kwa Wawelisi wengi jina hilo linagusa kidonda, kwa kuwa cheo cha Mkuu wa Wales kilichukuliwa kwa vita karne ya 13 na kupewa warithi wa kiti cha England. Zaidi ya watu 30,000 walitia saini kupinga. Haki inataka isemwe kwamba serikali ya Cardiff ilikuwa imearifiwa na haikuweka pingamizi. Hata hivyo wananchi hawakuulizwa, na Julai mwaka huo jina likawekwa. Mshenga mwenye uzoefu anajua kwamba kabla ya kutaja jina la mtoto unaulizia kwanza ndani ya nyumba.

Na hapo tunafika Swansea, mji wa kwao, ambako ndipo nadhani kazi yake inapimwa kweli. Serikali ilikuwa imeahidi mwaka 2012 kwamba reli itawekwa nyaya za umeme kutoka London hadi Swansea. Tarehe 20 Julai 2017 ikatangazwa kwamba nyaya zitaishia Cardiff, na kwamba treni zenye uwezo wa kutumia umeme na dizeli zitamaliza safari kwa dizeli. Kesho yake Cairns akatangaza kwamba tozo za Severn zitafutwa. Sijui kama siku hizo mbili zilipangwa zifuatane, lakini aliyekuwa Swansea alizisoma pamoja: mashariki inapewa, magharibi inanyang'anywa. Cairns alisimama kuutetea uamuzi huo, akisema safari isingepungua dakika za maana kulinganisha na gharama. Kwa vitabu vya hesabu pengine alikuwa sahihi. Ila reli haipimwi kwa dakika peke yake. Mwekezaji anapotazama ramani, anaona pia mahali waya ulipokomea.

Lililofuata lilikuwa kubwa zaidi. Msomaji wa Unguja au Mombasa anajua bamvua la mita nne, jinsi ngalawa zinavyolala mchangani na kuelea tena baada ya saa chache. Katika mlango wa Severn maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 14, miongoni mwa viwango vya juu kabisa duniani. Kampuni moja ilipendekeza kujenga ukuta wa bahari kuzunguka sehemu ya ghuba ya Swansea, maji yakijaa na kupwa yapite kwenye mitambo na kutoa umeme wa megawati 320, kwa gharama ya pauni bilioni 1.3. Tathmini huru iliyoagizwa na serikali na kuongozwa na Charles Hendry, waziri wa zamani wa nishati, iliunga mkono mradi huo Januari 2017. Serikali ya Cardiff ilikuwa tayari kuchangia. Tarehe 25 Juni 2018 waziri wa biashara, Greg Clark, akalitangazia Bunge kwamba mradi hauna thamani kwa fedha za umma, kwa kuwa umeme wake ungekuwa ghali kuliko wa upepo au wa nyuklia. Siku hiyohiyo wabunge walipiga kura kuunga mkono njia ya tatu ya ndege katika uwanja wa Heathrow, London.

Uamuzi haukuwa wa Cairns. Lakini yeye ndiye aliyekwenda redioni na kwenye televisheni kuueleza, na aliueleza kama afisa wa mikopo anavyomweleza mteja aliyekataliwa: bei ya kila megawati, muda wa kurejesha mtaji, mbadala ulio nafuu. Hesabu hizo zilikuwa na uzito, na sitajifanya kwamba mradi haukuwa na maswali. Kilichokosekana ni nusu ya pili ya kazi. Mshenga akirudi na jibu la hapana, walau nyumba iliyomtuma ijue kwamba alibishana, kwamba alikaa mpaka taa zikazimwa. Swansea haikuona dalili hiyo. Ilimwona kijana wake akisoma barua ya makao makuu kwa sauti ya makao makuu. Wabunge wa upinzani walimtaka ajiuzulu. Mithali yetu husema mjumbe hauawi, lakini mjumbe tunayemsamehe ni yule anayeonyesha kwamba ujumbe umemuuma.

Kura ya kujitoa Umoja wa Ulaya ilimweka katika hali hiyohiyo. Mwaka 2016 alitaka Uingereza ibaki. Wales ikachagua kutoka kwa asilimia 52.5, na tangu siku hiyo akaihudumia serikali iliyokuwa ikitoka. Kuna jambo moja la heshima hapo: Aprili 2018 Cardiff ilikubaliana na London kuhusu mamlaka yatakayorudi kutoka Brussels, wakati Scotland ilikataa. Maafikiano ya namna hiyo hutaka watu wa kukimbia huku na huko kimyakimya, na kukimbia huko alikuweza.

Anguko lake lilikuja kwa njia nyingine kabisa. Aprili 2018 msaidizi wake wa zamani alitoa ushahidi katika kesi ya ubakaji, na jaji akamshutumu kwa kuivuruga kesi makusudi. Miezi michache baadaye mtu huyo alipitishwa kugombea kiti cha Baraza katika jimbo lilelile la Vale of Glamorgan. Habari zilipotoka hadharani mwaka 2019, Cairns alisema hakuwa akijua mpaka siku hizo. Kisha BBC Wales ikaonyesha barua pepe ya Agosti 2018 iliyodokeza kwamba aliarifiwa. Tarehe 6 Novemba 2019, siku kampeni za uchaguzi mkuu zilipofunguliwa rasmi, alijiuzulu uwaziri. Uchunguzi wa ofisi ya baraza la mawaziri ulihitimisha mwezi uliofuata kwamba hakuvunja kanuni za mawaziri. Uliona si rahisi kuamini kwamba hakuambiwa lolote, ila haukupata ushahidi wa kuonyesha kwamba alijua undani wa mambo. Wapiga kura wakamrudisha bungeni kwa tofauti ya kura 3,562.

Kisheria, basi, alitoka msafi. Naelewa kwa nini hata hivyo uwaziri haukumrudia. Kuna mwanamke aliyekuwa katikati ya kesi ile, na alistahili kwamba watu wenye vyeo wajiulize haraka wajibu wao kwake kabla ya kuuliza nani aliambiwa nini lini. Miaka aliyobaki kwenye viti vya nyuma ilikuwa ya kawaida, pamoja na kazi za ushauri zenye malipo katika kampuni binafsi, ambazo zilizua maswali wakati Bunge zima lilipohojiwa kuhusu kazi za pembeni mwaka 2021.

Tarehe 4 Julai 2024 Conservative walipoteza kila kiti Wales, kama 1997. Cairns aliondolewa na Kanishka Narayan wa Labour kwa kura 4,216. Narayan alizaliwa India, akahamia Cardiff akiwa mtoto, na ndiye mbunge wa kwanza wa Wales asiye na asili ya kizungu. Mwezi huohuo moja ya matanuri mawili yaliyobaki katika kiwanda cha Port Talbot lilizimwa. Machi 2016, Cairns akiwa na siku kumi na moja tu ofisini, wenye kiwanda hicho walikuwa wametangaza kwamba wanataka kukiuza, na mtoto wa mfanyakazi wake alikuwa mmoja wa waliotumwa kuwaambia wafanyakazi kwamba serikali inatafuta njia. Njia iliyopatikana ilinunua miaka minane. Tanuri la mwisho lilipozimwa tarehe 30 Septemba 2024, hakuwa tena waziri wala mbunge.